Shangazi wa Watoto Ishirini na Sita

Kli. Kli-kli. Hiyo ni pete ya mwalimu wetu wa Kiingereza ikigonga chuma cha dirisha la darasa la nane. Nimesahau mengi ya shule, hata jedwali la kumi na mbili limenitoka, lakini mlio huo bado ninao sikioni. Ulikuwa na maana yake. Akigonga mara mbili, semeni kama nilivyosema mimi. Akigonga mara moja, sasa sema lako. Mbili tulizizoea. Ile moja ndiyo iliyotutia jasho. Mtu alisimama, akatazama paa, akatazama vidole vya miguu yake, na mwalimu akangoja. Mpaka leo sijaona mtu anayeweza kumngoja mtoto namna ile.

Nitamwita mwalimu tu. Jina analo, na watu wa Matsangoni wakisoma hapa watamjua kabla sijafika mbali, lakini ana wajukuu shuleni sasa, na watoto hawana kosa.

Alikuwa mtu wa soksi. Joto la kwetu mnalijua, kuku wenyewe wangevua manyoya kama wangeweza, lakini yeye alivaa soksi nyeupe kila siku ya Mungu, na shati lililofungwa mpaka kifungo cha shingoni. Mnyororo wa baiskeli yake aliusugua mwenyewe kwa mswaki wa zamani. Mchana alikula mihogo ya kuchemsha na pilipili, na kabla ya kuonja aliuliza, "Nani leo hakuja na kitu?" Mikono miwili mitatu ilipanda, na mihogo ikagawanywa mpaka yeye akabaki na kipande kama kidole. Siku moja Kadzo, niliyekaa naye dawati moja, alianguka kwa malaria katikati ya somo. Mwalimu alimpakia kwenye baiskeli akamkimbiza zahanati kwenye mvua. Alirudi baada ya saa nzima, soksi zimelowa matope, akasimama mbele yetu akauliza, "Tulifika wapi?" Tukamwambia tulifika kwenye 'because'. Akaendelea hapo hapo.

Ndiyo maana naona taabu kumwandika. Angekuwa mtu mbaya ningemaliza kwa ukurasa mmoja.

Sauti yake ya Kiingereza haikuwa yake. Aliichukua kwa Mzungu mmoja aliyemfundisha zamani, mzee wa kifua, ambaye hakuweza kusema 'however' bila kukohoa kwanza. Mwalimu wetu kifua chake kilikuwa kizima kabisa, lakini naye alikohoa. Sisi tukadhani kikohozi ni sehemu ya neno. Alipokuja mkaguzi, darasa zima likasoma kwa sauti, na kila ilipofika 'however' tulikohoa pamoja, watoto ishirini na sita. Mkaguzi akauliza kama kijijini kuna ugonjwa unaoenea. Mwalimu alicheka mpaka akashika meza. Nadhani siku ile ndiyo aliyojisikia mwenyewe kwa mara ya kwanza, maana baada ya hapo alijaribu kuacha. Hakuweza.

Na huyo ndiye mtu aliyechukia kuiga.

Kulikuwa na maneno mawili ya Kiingereza aliyoyapenda kuliko yote, imitate na emulate. Tuliyajua kabla hatujajua kuomba ruhusa ya chooni bila kukosea. Katika kamusi ndogo ya shule yote mawili yaliandikwa 'iga', basi, na hilo lilimuudhi kana kwamba mwenye kamusi amemtukania mama.

"Si kitu kimoja," alisema. "Nyinyi wasichana, mwapika chapati?"

"Twapika, mwalimu."

"Ya mamako ni duara. Yako ina pembe kama ramani ya Kenya. Sasa wachukua bakuli, wafunika juu, wakata kwa kisu pembeni, yawa duara. Hakuna atakayejua. Hiyo ni imitate."

Tukatazamana tukacheka, maana kila mmoja wetu alishawahi kukata kwa bakuli.

"Lakini ukisimama kando ya mamako, ukautazama mkono wake, ukakanda leo, ukakanda kesho, ukaungua, mpaka siku moja duara likatoka lenyewe, na mamako akamega akasema, ee, hii yapita yangu. Hiyo ndiyo emulate."

"Na sisi wavulana tusiopika, mwalimu?" akauliza Kalume, mchekeshaji wetu.

"Nyinyi mwala tu. Na hata hilo hamjaliweza."

Alikuwa na mengine ya aina hiyo. Alisema anayeiga hutazama mgongo wa mwenzake, na anayetaka kuweza hutazama kule mwenzake anakotazama. Alipenda pia ile methali ya ukimwiga tembo, ila aliikata katikati. "Ukimwiga tembo," alisema, kisha akanyamaza, kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu na iliyobaki ina msamba ndani yake. Darasa likaimalizia kwa furaha kubwa.

Muhula wa pili alitupa insha: mgeni nisiyeweza kumsahau. Nikamwandika shangazi yangu, dadake baba, mkulima wa Jilore. Shangazi huja kwetu na kijiko chake mwenyewe, kimefungwa kwenye leso ndani ya kikapu, kwa sababu ati vijiko vya watu vina siri za watu. Sikubuni kitu. Niliandika alivyoshuka kwenye tuktuk kwa kutanguliza kikapu kama mtu anayemshusha mfalme, alivyokifuta kijiko mara tatu kwa pindo la leso kabla ya kuugusa wali wetu. Mwisho nikaweka sentensi iliyonijia nikiwa kwenye foleni ya maji: shangazi yangu alimwamini Mungu, jembe lake, na kijiko chake. Kiingereza changu kilikuwa kile cha kuokoteza, lakini sentensi ilisimama.

Mwalimu aliisoma kimya. Akairudia. Akavua miwani. Akaigonga pete dirishani mara moja tu, na hakuwa anamwita mtu.

"Huyu," akasema, "hakumwiga yeyote."

Nilikwenda nyumbani siku ile bila kuisikia njia chini ya miguu. Ndipo nilipoanza kusema nitaandika kitabu. Bado nasema. Mwaweza kucheka, nimezoea.

Kesho yake aliiandika insha yangu ubaoni, yote, kwa mwandiko wake ule wa kulala upande mmoja. "Emulate this," akasema. Tazameni alivyofanya, kisha kila mtu akamtafute mgeni wake. Na wiki ile kweli tulijaribu.

Kisha ikaja mitihani ya majaribio na tukaanguka vibaya. Mwalimu mkuu akamwita ofisini mara mbili, na mara zote mbili alitoka bila kutuangalia. Zilibaki wiki tatu. Asubuhi moja akaingia, insha ya shangazi ikarudi ubaoni, imesafishwa, imewekewa maneno makubwa, na neno emulate halikutajwa. Alisema tu, "Shikeni shangazi."

Kli-kli. Kila asubuhi, kli-kli, sauti ishirini na sita, shangazi, Jilore, kijiko. Alitufundisha hata kumgeuza. Swali likiwa la arusi, shangazi anakuja arusini. Likiwa la mwizi, shangazi anaibiwa. Nami pia nilikariri, kwa sababu maneno aliyoyaongeza sikuyajua. Nilikariri insha yangu mwenyewe kama mgeni.

Siku ya mtihani swali lilikuwa la moto uliozuka sokoni. Masikini shangazi, akapelekwa sokoni. Katika karatasi ishirini na sita alikimbia moto akiwa na kijiko mkononi. Katika karatasi ya Kalume, baadaye tulisikia, aliuzima nacho.

Matokeo yalipotoka, mahali pa Kiingereza palipigwa mstari. Bila Kiingereza hakuna jumla, na bila jumla hakuna barua ya kuitwa shule. Mimi nilikuwa na mfadhili aliyeahidi kunisomesha kwenye shule ya wasichana Kilifi. Sanduku la bati lilikuwa limeshanunuliwa.

Akaja bwana mmoja wa mambo ya mitihani kutuhoji. Tuliitwa ofisini mmoja mmoja. Jioni iliyotangulia mwalimu alikuwa amepita kwenye nyumba zetu, akatuambia kwa upole: msitaje ubao, mkitaja ubao watayafuta na matokeo ya hesabu na sayansi, mtakosa yote. Tukaamini. Hakuwahi kutudanganya.

"Insha hii ni ya nani?" yule bwana akaniuliza.

"Ni yangu."

Akacheka, wala si kwa ubaya. "Wewe wa kumi na tisa kuniambia hivyo."

"Lakini huyo ni shangazi yangu kweli. Yuko Jilore. Mkimwita, aja leo leo."

"Basi wewe ndiye uliyewapa wenzako."

Nikamtazama mwalimu. Alikuwa amesimama mlangoni, mkono kwenye fremu. Nilimngoja kama alivyotufundisha kungoja. Alitazama nje, kwenye mlingoti wa bendera, akasema, "Watoto huigana, bwana." Naye ndiye mtu pekee niliyemjua ambaye neno hilo aliliogopa.

Mfadhili alituma ujumbe kwamba hasomeshi wadanganyifu. Wenye uwezo walirudia darasa. Mimi sikurudia.

Lakini hilo si baya kuliko yote. Baya ni kwamba kijijini kila mtu alijua shangazi wa Jilore mwenye kijiko ni wa nani. Kwa hiyo watoto ishirini na watano walikuwa wameponzwa, na mimi ndiye niliyewaponza, nilipitisha karatasi chini ya meza. Ndivyo ilivyosemwa, na mwalimu hakuikanusha. Kadzo alimweleza mamake habari ya ubao, akazabwa kofi: mwalimu aliyekupeleka zahanati kwenye mvua, leo wamsingizia? Mamake Kadzo na mama yangu walikuwa wakitwanga pamoja, kinu kimoja, michi miwili. Tangu siku ile hupita mlangoni kwetu akitazama upande wa pili wa njia. Miaka kumi. Mama hakuwahi kuniuliza nilifanya au sikufanya. Aliacha tu kutwanga, akawa anapeleka mahindi kwenye mashine.

Shangazi peke yake ndiye aliyecheka. Alikuja na kikapu chake, akakaa, akasema, "Kumbe kaka yangu alikuwa na watoto ishirini na sita na hakuniambia." Mama akajaribu kucheka, ikawa kilio.

Mwezi mmoja baada ya matokeo, mwalimu alikuja kwetu na kilo ya sukari. Aliketi, akanywa chai, akaisifu. Akauliza habari za mbuzi. Mama alimhudumia kama mgeni wa heshima. Nilikuwa jikoni, mlango wazi, nikisema moyoni, sasa atasema, akimaliza kikombe hiki atasema. Akaongezewa cha pili. Akaaga. Ile sukari tuliinywa, tungefanyaje.

Halafu akahamishwa, akastaafu, akarudi Matsangoni, na mimi nikaenda Watamu kusafisha vyumba vya wageni. Nina chumba changu kimoja, nina redio, nina madaftari manne yaliyojaa. Silii. Naamka nikiimba na jirani hunigongea ukuta ninyamaze.

Mwaka huu nilikwenda Malindi kumnunulia mpwa wangu madaftari, kwenye duka la Mhindi mmoja mzee anayeuza vitu vya shule. Juu ya kaunta kulikuwa na rundo la vijitabu vya kurudufiwa, vimebanwa pini mbili katikati. Insha za mfano. Jina la mwalimu wetu juu, kwa herufi kubwa.

"Hiki chaenda sana, binti," mzee akaniambia. "Mwalimu mwenyewe huleta kwa baiskeli."

Nikafungua. Ukurasa wa tatu, shangazi. Jilore imekuwa Nairobi, kikapu kimekuwa mkoba wa ngozi, kijiko kimekuwa cha fedha. Shangazi yangu, kijiko cha fedha. Lakini mwisho wake sentensi ilikaa vilevile, hakuweza kuigusa: alimwamini Mungu, jembe lake, na kijiko chake. Mwanamke wa Nairobi mwenye mkoba wa ngozi, jembe la nini? Nilicheka pale dukani mpaka mzee akaniletea maji. Sikuyanywa.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda nyumbani, nikamwambia mama anisubiri uani kwa mamake Kadzo. Akaenda. Nami nikashika njia ya kwa mwalimu, nyumba saba mbele.

Alikuwa barazani anasahihisha daftari za watoto wa tuisheni. Soksi nyeupe.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Ni nani? Macho haya siku hizi hayanisaidii."

"Ni yule wa shangazi."

Kalamu ikasimama. "Keti," akasema.

Nilikiweka kijitabu mbele yake, kimefunguliwa. "Mwalimu, insha hii ni ya nani?"

Hakukohoa. Hakutafuta Kiingereza. Alisema kwa Kiswahili cha nyumbani, chini chini, "Ni yako. Tangu siku ile najua ni yako."

Sikutegemea itakuwa rahisi hivyo. Nilikuwa nimejiandaa kwa kukana, si kwa kukubali. Machozi yakanijia, nikayafukuza.

"Basi nakuomba jambo moja tu. Mamake Kadzo yuko nyumbani, na mama yangu yuko pale. Twende, uyaseme maneno hayo hayo. Manne matano tu. Kisha nitakurudisha kwako na sitakuja tena kukusumbua."

"Leo?"

"Leo, mwalimu."

Alitazama miguu yake. "Wakati ule nilikuwa na watoto wanne shuleni. Ningesema, ningefukuzwa kazi."

"Na mimi nilikuwa mtoto shuleni."

"Wewe ulikuwa na kipaji. Nilisema moyoni, huyu hatapotea."

"Sikupotea. Nasafisha vyoo Watamu, na navisafisha vizuri. Sikujia yangu. Nimejia ya mama. Miaka kumi hajatwanga na mtu, mwalimu."

Nilimwona akiinuka. Naapa aliinuka. Alishika fimbo yake, akatia mguu mmoja kwenye kiatu. Kisha watoto wawili wa tuisheni wakaingia uani na madaftari yao, wakasema shikamoo mwalimu, na uso wake ukabadilika. Akakaa tena.

"Nikienda, kufikia jioni njia nzima itajua," akasema. "Wazazi watawatoa watoto. Nami sina kingine ninachokijua, mwanangu. Ni hiki tu."

Akakivuta kijitabu, akafungua ukurasa wa kwanza, akaandika kitu kwa ule mwandiko wa kulala upande, akatia sahihi. Akanipa kwa mikono miwili. "Chukua. Wewe si wa kununua."

Nilikuwa nimeshakinunua. Niliangalia alichoandika: Emulate, do not imitate. Sijui hata leo kama alijua anachofanya. Nafikiri alitaka kunipa kitu, akatafuta, akaona hana kingine.

Na aibu yangu ni hii: nilisema asante. Nikampa mkono. Nikasema kwaheri, mwalimu. Alitufundisha adabu vizuri sana.

Kwa mamake Kadzo niliwakuta wamekaa kwenye mikeka miwili. Kulikuwa na chai iliyopoa kati yao. Wote wawili walitazama nyuma yangu kuona ninakuja na nani. Mama alipoona niko peke yangu, alijikusanyia leso yake mabegani.

"Haya," akasema. "Twende."

Mamake Kadzo alitusindikiza mpaka mwisho wa ua. Hilo hakulifanya kwa miaka kumi, na nisimdhulumu kwa kutolitaja. Lakini mama hakugeuka.

Alasiri ile ile nilirudi Watamu. Nikafunga mlango wa chumba changu, nikakaa sakafuni, nikazikunjua zile pini mbili kwa ncha ya kisu. Nilitaka kumtoa shangazi humo. Basi. Vilivyobaki viwe vyake.

Karatasi ilitoka nzima, na nusu yake ya pili ilikuwa ni ukurasa wa karibu na mwisho wa kitabu. Nikasoma bila kutaka. Ilikuwa habari ya ng'ombe aliyeingia kanisani wakati wa sadaka na kula maua ya arusi ya kesho. Nilimjua mnyama yule. Kadzo alitusomea Ijumaa moja, na tukacheka mpaka darasa la saba wakaja kuchungulia. Mbuzi wa Kadzo alikuwa amegeuzwa ng'ombe, lakini alikula kwa mdomo wa Kadzo.

Nikafungua karatasi nyingine. Mtu aliyezika redio ya babake akidhani imekufa: Kalume. Bibi aliyehesabu nyota ili alale: yule msichana mkimya wa dirishani. Kulikuwa na nyingine nane ambazo sikuzitambua, za madarasa ya kabla yetu na ya baada yetu, lakini kila moja ilikuwa na mahali pale ambapo maneno makubwa yanakoma na mtoto anasema.

Nikazirudisha karatasi zote kwa mpangilio wake. Nikazikunja pini kwa mgongo wa kisu. Nikachukua kalamu, nikaandika jina langu juu ya shangazi, la Kadzo juu ya ng'ombe, la Kalume juu ya redio, la yule mkimya juu ya nyota. Juu ya zile nane, moja moja, polepole, kwa mwandiko wangu mwenyewe, nikaandika: mtoto wa mtu.